Programu za kuunganisha picha za makro: kabla hujalipa, angalia ukungu wa pembeni

Malalamiko ya wasomaji ni yale yale. Wa mwisho kanitumia picha ya makro, yaani ya kitu kidogo kwa karibu sana, ya nyuki, aliyoiunganisha kutoka picha nyingi: macho yanang'aa, mabawa safi, ila kila kinyweleo kimezungukwa na ukungu, na kipapasio kinapokatiza jicho utadhani viko viwili. Anauliza anunue lenzi gani. Lenzi yake haina kosa.

Kasi na mwonekano wa programu utavisoma kwingine. Mimi naangalia ukungu huo. Ukipiga kwa ukubwa halisi (mdudu na taswira yake kwenye kihisi cha kamera ukubwa sawa) kwa f/8, yaani tundu la lenzi la wastani, eneo lenye fokasi, yaani linaloonekana safi, halifiki milimita moja, kwa hiyo unapiga picha nyingi, kila moja fokasi ikiwa mahali pengine, na programu inachukua sehemu safi za kila picha na kuziunganisha. Sasa fokasi ikihamia kwenye jicho, kipapasio cha mbele kinavimba na kufunika kilicho nyuma yake. Pale kwenye ukingo, hakuna picha hata moja yenye jicho safi. Programu inakisia tu. Cha kuuliza ni hiki: ikikosea, naweza kurekebisha kwa brashi kutoka picha za awali?

Namba moja ni Zerene Stacker, na sifichi kwamba naipenda. Njia yake ya PMax inashika vinyweleo vinavyopishana lakini inaongeza chenga, yaani vidoa vidogo vidogo. DMap inatunza rangi lakini inaacha ukungu. Unaunganisha kwa zote mbili, unachukua ya DMap kama msingi, kisha unapaka vinyweleo kutoka PMax. Brashi imo hata kwenye leseni ya chini, na unalipa mara moja.

Helicon Focus ni ya pili. Ina kasi, na njia yake ya kuunganisha inayoitwa C ni nzuri kwa wadudu. Lakini leseni yake ya chini, Lite, haina brashi, mpaka ununue Pro, na watu wanaligundua wakishalipa.

Photoshop ni malipo ya kila mwezi, na kurekebisha ni kuhangaika na leya moja moja. Kama unayo tayari, itumie kwa pete na hereni, zisizo na vinyweleo vinavyopishana.

CombineZP ni ya bure, ya Windows, imezeeka. Ya kujifunzia.

Kinachoniudhi ni wanaouza kopi za wizi kwenye magrupu ya WhatsApp. Zerene na Helicon zote zinakupa siku 30 za kujaribu bure, halafu mtu anakutoza hela kwa faili lenye virusi, na likigoma hapokei simu! Pakua kwenye tovuti za wenyewe, ujaribu na mdudu mwenye manyoya. Usijaribu na sarafu. Haina kitu kinachokatiza kingine, kila programu itaipatia.