Sakafu ya pikapu imeoza: ununue bati gani?

Kapeti ya upande wa dereva ikikaa wiki nzima juani haikauki, usisingizie mvua. Ifunue. Mimi nilipofunua ya Hilux yangu niliona changarawe za uani kwangu zikinitazama. Aliyeniuzia alikuwa ameziba tundu kwa gunia na puti, ule udongo wa kujazia bodi, akapaka rangi nyeusi juu, kazi ikapendeza kweli mpaka vuli ilipoingia.

Kabla hujaenda dukani, chukua bisibisi uchokoe sakafu yote, hasa chini ya pedali na pembeni karibu na mlango. Panapozama pameoza. Ukiona kutu imefika kwenye fremu, au pale mkanda wa kiti ulipofungwa, hiyo si kazi ya kuziba viraka tena. Hapo unajenga upya, na fundi wa kawaida wa bodi asikudanganye kwamba ni jambo dogo. Gari lililobeba mbolea ya chumvichumvi au samaki wa Tanga huoza haraka kuliko lililobeba ndizi za Kibosho, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuichochea kutu.

Chaguo langu la kwanza ni blaki shiti, bati la chuma tupu lisilo na zinki, ya geji 18, yaani unene wa milimita 1.2. Inakunjika kwa nyundo ikafuata umbo la sakafu, inashika weldingi vizuri, na haikulemei. Geji 16 ni nene na imara zaidi, lakini ukishaikunja mikunjo mitatu utaelewa kwa nini fundi ameongeza bei. Geji 20 ni nyembamba mno, iache. Tatizo ni kwamba dukani "geji 18" inaweza kuwa jina tu. Shiti nzima ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 1.2 kamili ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa hiyo kama muuzaji ana mizani, omba ipimwe. Ikisoma kilo 23 umeuziwa milimita moja. Kwa sakafu mbili za mbele nusu shiti inatosha kabisa, na maduka mengi hukata.

Fedha utakayookoa kwenye bati iweke kwenye weldingi. Ya vijiti hutoboa bati jembamba, ndiyo maana utaona kiraka kimezungukwa na matundu yaliyojazwa puti. Tafuta karakana yenye mashine ya migi, ile ya waya na gesi. Unga Limited, Arusha, kuna mafundi wengi, zunguka uulize watatu kabla ya kukubali. Mwambie akate mpaka chuma kinachong'aa, kisha ashikize nukta nukta huku akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, maana akichoma mfululizo bati litapinda kama chapati. Akisema atabandika kipya juu ya kilichooza, chukua ufunguo wako uondoke. Na kabla ya cheche kuanza betri ichomolewe, kapeti na mabomba ya mafuta yaliyo karibu yatolewe, ndoo ya mchanga iwe mkononi.

Namba mbili ni kipande kilichokatwa kwenye gari la skrepa la aina ileile. Mikunjo ya kiwandani inakuja nayo, matundu ya skrubu yanaangukia mahali pake, na kazi inapungua nusu. Ila kinakuja pia na kutu yake. Kigeuze, kikwangue chini, ndipo utaje bei.

Cheka pleti, lile bati la maua, naiweka ya tatu, na ni kwa bodi ya nyuma tu. Ya milimita 3 shiti moja inapita kilo 70. Ndani ya kebini ni mzigo wa bure, na miguu ya abiria itakuchukia.

Bati lenye zinki, kama la paa, wengi hulipenda kwa kuwa "halishiki kutu". Likichomelewa zinki hiyo huungua na kuwa moshi mweupe. Anayeuvuta, jioni anatetemeka kama mwenye malaria. Pale joto lilipopita, kinga imekwisha. Kama ni lazima, kwaruza zinki kingoni kwanza, au funga kwa riveti. Alumini nayo ukiifunga moja kwa moja kwenye chuma, maji yakiingia katikati huliwa yenyewe. Wenye Land Rover za zamani wanalijua hilo: bodi ya alumini, fremu ya chuma, na unga mweupe pale vinapokutana.

Faiba, ile ya nyuzi za kioo na gundi, iko mkiani. Inafaa kukufikisha mwisho wa mwezi, basi, kwa sababu kutu inaendelea kula chini yake bila wewe kuona.

Nunua pia rangi ya redi oksaidi, sila ya kuziba maungio ya bodi, na lami ya kupaka chini ya gari. Vitu vitatu hivi husahaulika kuliko vyote, halafu kiraka kizuri kinaanza kuota kutu kwa nyuma ndani ya masika moja. Usizibe matundu ya kutolea maji. Yaache na vizibo vyake vya raba.

Siku ya kuchukua gari, usilipe salio kwanza. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu, kapeti ikiwa nje, halafu lala chini na tochi uangalie kama maungio yote ni makavu au yanatoa machozi.