Gundi gani ya gasketi ununue unapofunga upya injini ya pikipiki

Chini ya injini ya Honda CG125, na ya pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga injini hiyo, kuna kizibo kikubwa cha kumwagia oili. Kikifunguliwa hutoka na springi, na nyuma ya springi kuna chujio la wavu. Injini moja niliyoletewa, ina miezi miwili tu tangu ifungwe upya, wavu wake ulikuwa umejaa vinyuzi vyekundu vilivyosokotana kama tambi. Ilikuwa silikoni, gundi inayokauka ikawa kama mpira. Aliyeifunga alimimina gundi pande zote mbili za kava la klachi, akakaza, ile iliyotokeza nje akaipangusa kwa kidole ikapendeza. Iliyotokeza ndani hakuiona. Ikakauka, ikakatika vipande vipande, oili ikavibeba hadi kwenye chujio, na pampu ikawa inavuta kwa shida. Huku juu roka, vile vipande vinavyosukuma valvu, zikalika kwa ukavu. Mwenye pikipiki alilipia injini mara mbili kwa sababu ya tyubu moja ya gundi.

Ndiyo maana nikiulizwa ninunue gundi ipi, siangalii kwanza ipi inashika kwa nguvu. Naangalia ipi inakubali kupakwa nyembamba, na ikizidi inafanya nini ndani ya injini.

Kabla ya gundi yoyote, nunua seti nzima ya gasketi za karatasi, zile zinazokaa katikati ya vipande vya injini kuzuia kuvuja. Gundi si mbadala wa karatasi. Unene wa gasketi ni sehemu ya vipimo vya injini: ukiondoa ile ya katikati ya maganda mawili ya injini ukaweka gundi peke yake, maganda yanasogeleana, shafti za gia zinakosa nafasi ya kucheza na zinaanza kubanwa. Ukiondoa ya chini ya bloku, pistoni inaikaribia hedi. Wapo mafundi wanaokata gasketi kwa karatasi ya boksi, na wanakata vizuri sana, lakini pima unene kwa ile ya zamani kabla hujaifunga. Gasketi ya hedi ifungwe kavu, isipakwe kitu. Na kama injini yako haikuja na karatasi mahali fulani, usiiongezee.

Sasa gundi zenyewe, kwa mpangilio ninaouamini.

Ya kwanza: gundi ya maji mazito isiyokauka kabisa. Hii ndiyo wanayotumia Wajapani. Yamaha wanaiuza kwa jina la Yamabond 4, Honda wana Hondabond 4, na ThreeBond wana 1104 na 1184. Inatoka nzito kama asali, unaisambaza kwa kidole au kibrashi kama unapaka rangi, unaiacha dakika chache kiyeyushi kiruke mpaka ianze kunata, ndipo unafunga. Kwa kuwa inapakwa kama utando, ni vigumu kuiwekea kilima. Inavumilia oili na petroli, kwa hiyo hata injini ya tusitroki, ambayo petroli inapita humo humo kwenye maganda, inafaa. Siku ya kufungua tena haikupi kazi ya kuchokonoa kwa patasi. Ubaya wake ni bei, na kwamba huipati kila duka. Uliza kwa wanaouza spea za Kijapani kwanza. Tyubu moja itakufungia injini kadhaa ukiipaka inavyotakiwa.

Ya pili: silikoni ya kijivu au nyeusi ya injini. Permatex Ultra Grey ni mfano mzuri, na ABRO nao wana ya kijivu inayopatikana kwa urahisi zaidi. Hii ndiyo naitumia mara nyingi, kwa sababu ndiyo iliyopo. Inashika vizuri hata pale uso wa kava ulipochubuka kidogo. Lakini ina masharti mawili ambayo watu wanayavunja kila siku. La kwanza ni petroli: silikoni ikikaa kwenye petroli inavimba na kulegea, kwa hiyo isiguse kabureta. La pili ni muda. Silikoni inakaushwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo Tanga au Mombasa inashika ngozi upesi, na Dodoma wakati wa kiangazi inachelewa. Popote pale, ipe saa 24 kabla ya kutia oili na kuwasha. Najua mwenye bodaboda anataka pikipiki jioni hiyo hiyo kwa sababu ana hesabu ya kupeleka. Mweleze mapema, kabla hujafungua injini, ili siku hiyo ya kusubiri iwemo kwenye makubaliano.

Ya tatu: gundi inayoganda pasipo hewa, kama Loctite 518, ile nyekundu ya ute. Kwa usafi hakuna inayoifikia. Haigandi ikiwa wazi. Inaganda pale tu ilipobanwa kati ya chuma na chuma. Ile iliyozidi ikamwagikia ndani inabaki ute na kuchanganyika na oili, haigeuki mpira wa kuziba chujio. Kwa nini basi nimeiweka ya tatu? Kwa sababu inajaza mwanya wa robo milimita tu, basi, na injini zetu nyingi zimeshafunguliwa mara tatu nne kwa kuchomeka bisibisi kwenye kiungio. Pale penye jeraha la bisibisi itavuja. Kama injini yako ndiyo mara yake ya kwanza kufunguliwa, inafungwa chuma kwa chuma na nyuso zake ni safi, ichague kabla ya silikoni bila kusita.

Hylomar ya buluu ni nzuri pia, haikauki kamwe, na asili yake ni kazi iliyofanywa na Rolls-Royce kwa injini za ndege. Ukiikuta, pakaa utando wake juu ya karatasi ya kava unalotarajia kulifungua tena karibuni.

Ya mwisho: silikoni nyekundu ya bei ndogo. Ndiyo inayoning'inia kila duka la spea. Ifungue unuse: ikinuka siki, inatoa asidi wakati wa kukauka, na asidi hiyo inaanza kuila aluminiamu. Irudishe. Silikoni ya madirisha na mabafu isifike kabisa karibu na injini, hata kama rangi yake ni ile ile.

Kuipaka

Gundi nzuri juu ya uso mchafu ni hasara. Loweka mabaki ya gasketi ya zamani, kisha yaparue kwa wembe ulioulaza, si kwa bisibisi, na msasa uuweke mbali. Malizia kwa tina (thinner ya rangi) na kitambaa kisicho na nyuzi. Petroli inaosha lakini inaacha mafuta, kwa hiyo isiwe ya mwisho. Pitisha ukucha kuzunguka kava lote; ukucha ukikwama, na gundi itahangaika hapo hapo.

Kata ncha ya tyubu iwe tundu la milimita 1 hadi 2. Watu wengi wanaikata katikati kwa haraka, na kosa lote linaanzia hapo. Paka upande mmoja tu. Mstari upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, uzunguke pini za kuongozea, na ukifika kwenye tundu la kupitishia oili, achia nafasi ya milimita 3 hivi pande zote. Usinyanyue mkono mpaka mstari ukutane na mwanzo wake.

Kama huna uhakika na mkono wako, fanya hivi: paka kava, ligandamize kwenye kipande cha kioo kilichopakwa oili kidogo, kisha tazama kwa upande wa pili wa kioo. Utaona mstari ulivyotanuka. Ukimwagikia ukingo wa ndani, ulikuwa mnene. Futa, safisha kwa tina, rudia. Nimewafundisha vijana wawili namna hii, na asubuhi moja ilitosha.

Kwa silikoni, kaza bolti kwa vidole mpaka gundi ianze kuchungulia nje, subiri kama saa moja, ndipo ukaze kwa spana ukienda kwa msalaba. Bolti za milimita 6 zinataka nguvu ya kukaza ya kama Nm (nyutoni-mita) 10 tu, na nyuzi za aluminiamu hazisamehe. Iliyochungulia nje usiifute ikiwa mbichi, maana kidole kinaivuta hata iliyo ndani. Iache ikauke, kesho yake ikate kwa wembe itoke kama uzi.

Unaponunua, geuza tyubu usome tarehe, kisha iminye taratibu kifuniko kikiwa kimefungwa. Iliyo nzima inalainika sawasawa. Iliyoanza kuganda ina mabonge. Soma pia kama imeandikwa inavumilia oili, maana kuvumilia joto peke yake hakutoshi. Na ikibaki, usiitoe iliyo kwenye ncha. Iache igande humo kama kizibo, funga kifuniko, weka kivulini. Siku ya kuitumia tena, penyeza skrubu ndefu kwenye ncha, zungusha, vuta. Kile kizibo kinatoka kizima na nyuma yake gundi bado mbichi.