Siku 12 Khumbu, eneo la Everest: mwongozaji safi, ofisi ovyo

Nimepandisha wageni Kilimanjaro miaka tisa, kwa hiyo nilipokwenda Nepal mwaka jana kama mteja, jicho langu halikuwa la mtalii. Nililipia siku 12, kutoka Lukla hadi kambi ya Everest iliyo mita 5,364 na kurudi, kwa kampuni ndogo ya Kathmandu ambayo jina lake nalihifadhi.

Nianze na ofisi niimalize. Walisema chumba cha Dingboche kimeshalipiwa. Tukafika jioni, chumba hakuna, tukalala kwenye mabenchi ya ukumbi wa chakula, na jiko la samadi ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa huko, likazimika saa nne usiku. Simu ofisini haikupokelewa. Mpagazi wetu, kijana wa watu, alifungiwa mabegi matatu kwenye ukanda mmoja wa kipajini. Kwetu mzigo unapita kwenye mizani getini na ukizidi kilo 20 unapunguzwa. Hapa hakuna aliyepima. Kuanzia Namche begi langu nikabeba mwenyewe.

Sasa mwongozaji. Msherpa, kabila la milima hiyo, wa miaka arobaini na kitu, jina lake ni la Ijumaa. Washerpa wengi huitwa kwa siku waliyozaliwa, kama akina Juma na Khamis wetu, basi nikamwita Juma naye akaitika. Namche, mita 3,440, alitulaza siku mbili: mchana anatupandisha juu ya mji, jioni anatushusha kulala, mwili uzoee hewa nyepesi. Kila usiku alipita na maswali yale yale ya wagumu, watu wa kazi ya mlima wa kwetu: maji umekunywa, umekojoa? Lobuche mwenzetu mmoja alikataa supu akisema yuko fiti. Juma hakubishana. Alimwomba afunge kamba za viatu, akatazama vile vidole vinavyopapasa, na asubuhi jamaa akateremshwa na msaidizi. Mtu wa mlima anajua hicho ni kipimo cha ugonjwa wa mwinuko unapogusa ubongo.

Siku moja kabla, juu ya Thukla, tulipumzika penye minara ya mawe ya waliofia Everest, wengi wao Washerpa. Juma akatusimulia habari za Nima Rinji Sherpa. Nima ni Jumapili. Alianza na mlima Manaslu mwaka 2022 akiwa na miaka 16, na tarehe 9 Oktoba 2024 akasimama juu ya Shishapangma, mita 8,027, mlima wa mwisho kati ya 14 inayozidi mita 8,000. Alikuwa na miaka 18. Aliyeshika rekodi ya kumaliza yote 14 akiwa na umri mdogo zaidi kabla yake, Mingma Gyabu Sherpa, alimaliza akiwa na 30.

Mama mmoja wa kundi letu akauliza, kwa nia njema kabisa: "Alikuwa anamsindikiza nani?"

Juma alikoroga chai yake kwanza. "Hakuna. Alikwenda mwenyewe kama mpandaji." Halafu akaongeza kwamba baba wa kijana ana kampuni ya kupandisha watu, tusidhani kila mtoto wa Kisherpa anapata mlango huo. Nilimpenda kwa hilo la pili kuliko la kwanza.

Dal bhat, wali na dengu, inaongezwa bure hadi ushibe, kuchaji simu kunalipiwa, na kadiri unavyopanda bei inapanda nawe. Bakshishi za Juma na mpagazi niliwapa mkononi Lukla, nikakataa kuzipitisha ofisini. Ukienda, mtafute mwongozaji kwanza, kampuni baadaye.