Kufika Macau ukitokea Guangzhou au Hong Kong: treni, basi la darajani na boti

Njia zote tatu nimezitumia, na ushauri wangu wa kwanza hauhusu nauli. Kabla hujakata tiketi yoyote, fungua pasi utazame visa ya China. Palipoandikwa idadi ya kuingia utakuta 01 (mara moja), 02 (mara mbili) au herufi M (mara nyingi). Macau imerudi kwa China tangu tarehe 20 Desemba 1999, lakini ina uhamiaji wake, na ukivuka kuingia huko umehesabiwa umetoka China bara. Mwenye 01 akivuka asubuhi kwa matembezi, jioni hawezi kurudi Guangzhou kuchukua mizigo aliyoacha hotelini. Huyo apange Macau iwe mwisho wa safari: abebe kila kitu chake, kisha atokee Hong Kong kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Mwenye 02 ambayo hajaimaliza, au M, hana wasiwasi.

Kwa anayetoka Guangzhou, treni ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ukiwa mtaa wa Sanyuanli, metro namba 2 inakufikisha moja kwa moja hadi kituo chake cha mwisho, Guangzhou Nan. Wa mtaa wa Xiaobei apande namba 5 kituo kimoja tu hadi stesheni ya Guangzhou, abadilishe hapo aingie namba 2. Angalia sana neno Nan, maana yake kusini. Stesheni ya Guangzhou yenyewe ni nyingine na iko mbali, na wengi wamekosa treni kwa kuchanganya hizo mbili. Mtego wa pili uko upande wa kushuka: kata tiketi ya Zhuhai, mji wa China unaopakana na Macau, usikate ya Zhuhai Bei. Bei ni kaskazini, na ukishuka huko bado una mwendo mrefu wa teksi kufika mpakani.

Nauli ya daraja la pili ni yuani 70 hivi, na mwendo ni saa moja au zaidi kidogo. Tiketi inafungwa na namba ya pasi, kwa hiyo hakikisha namba na jina vimeandikwa sawasawa. Mageti ya mashine mara nyingi hayasomi pasi za kigeni. Usipoteze muda kuibandika pasi kwenye kioo, nenda kwenye geti lenye mhudumu. Kwa ukaguzi wa mizigo na foleni hiyo, fika dakika 45 kabla.

Ukitoka stesheni ya Zhuhai, jengo la mpaka la Gongbei liko jirani, unatembea kwa miguu. Unapita uhamiaji wa China, mizigo inapita kwenye mashine, unatembea tena, kisha uhamiaji wa Macau. Hawagongi muhuri. Wanakupa kikaratasi kidogo chenye tarehe ya mwisho ya kukaa. Kichomeke ndani ya pasi na usikitoe, kwa sababu hakuna alama nyingine inayoonyesha ulivyoingia.

Gongbei hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku. Ukichelewa, chukua teksi hadi mpaka wa Hengqin, ambao haufungwi, nao unakutokeza upande wa Cotai, eneo la Macau lenye hoteli kubwa na kasino. Lango la Qingmao lililofunguliwa 2021 limejengwa kwa mashine za kujihudumia, hivyo mwenye pasi ya Afrika Mashariki abaki na Gongbei. Wiki ya tarehe 1 Oktoba na mwaka mpya wa Kichina ni siku za kuepuka kabisa, foleni hazisogei.

Kutoka Hong Kong, basi la darajani ndilo bora. Daraja hilo la baharini, linalounganisha Hong Kong, Zhuhai na Macau, lilifunguliwa Oktoba 2018, mradi wake wote ni kilomita 55. Basi linatembea usiku na mchana, nauli ni dola 65 za Hong Kong mchana na 70 usiku, na mwendo ni dakika 40 hivi. Udhaifu wake ni mizigo: unaiburuta mwenyewe kupita uhamiaji wa Hong Kong, unaipakia, unaishusha, unaiburuta tena Macau. Mwenye mabegi matatu atatoka jasho. Uwanja wa ndege wa Hong Kong una basi la moja kwa moja pia, ila ulitafute kabla hujapita uhamiaji, na utunze vikaratasi vya mabegi ulivyopewa na shirika la ndege, watavidai.

Boti ya kasi kutoka Sheung Wan, katikati ya mji wa Hong Kong, ni saa moja, nauli zaidi ya mara mbili ya basi. Inamfaa anayelala katikati ya mji. Bahari ikichafuka inarusha kama za Unguja, na onyo la tufani likipandishwa hadi namba 8, boti zinasimama.

Ndani ya Macau, basi la mji ni pataka 6 (pataka ndiyo fedha ya Macau) na dereva hatoi chenji. Dola za Hong Kong zinapokelewa moja kwa moja, kwa hiyo usibadilishe fedha nyingi. Pataka zilizobaki zitumie kabla ya kuvuka, ng'ambo ni tabu kupata wa kuzibadilisha.