Gari la faiba nilimpelekea fundi boti Kigoma: uzoefu wangu

Gari langu ni nakala ya Porsche 356 Speedster. Lile la asili, lililotoka 1954, lina bodi ya chuma; hili langu ni faiba iliyokalishwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle. Beetle ina milimita 2,400 kutoka ekseli hadi ekseli, Speedster ina 2,100, kwa hiyo aliyeliunda alikata sakafu, akatoa sentimita 30, akachomelea. Halafu halina paa. Ndiyo maana likipita kwenye matuta lilikuwa linajinyonga, mlango unafunguka wenyewe, na nyufa zimetambaa kuanzia kwenye bawaba.

Fundi bodi wa kwanza alitaka apige puti na rangi, jioni nilichukue. Puti juu ya ufa unaocheza! Nikamshukuru, nikateremka ziwani kwa fundi anayeziba boti za faiba.

Huyu alianza kwa kugongagonga bodi nzima kwa kidole akisikiliza, panapotoa sauti bubu anachora chaki. Faiba hakuigusa mpaka chuma kikae sawa. Mchomeleaji alipitisha skwea paipu ndani ya vizingiti vya milango, akaziunga na nguzo za bawaba na pale sakafu ilipokatwa. Milango ilibaki imefungwa mahali pake muda wote ili mianya isihame, na faiba ikafunikwa magunia yaliyoloweshwa, maana inashika moto. Paipu zikakwanguliwa na kuzungushiwa mkeka wa faiba pande zote. Rezini, yaani gundi ya maji inayogandisha mkeka, ikibandikwa upande mmoja tu wa chuma huachia.

Nyufa zilichimbwa kwa grinda hadi kwenye faiba nzima, kingo zikalazwa mteremko mpana, kisha mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba ukapandishwa kwa ndani tabaka juu ya tabaka, rola ikipita mpaka mapovu yaishe. Hadina, dawa ya kugandisha rezini, aliiweka kidogo, karibu asilimia 1, kwa sababu kwa joto la mchana hapa rezini inaweza kukugandia kopo zima mkononi. Mvua ikitishia, anasimama. Nikilalamika ananijibu, "Bosi, faiba haitaki haraka."

Nimeliendesha hadi Ujiji na kurudi. Mlango umetulia, usukani hautetemeki, nyufa hazijarudi.

Kasoro zipo. Rezini ikiisha unasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Vijana wake walikuwa wanapiga msasa bila barakoa, vumbi lile linawasha hadi kooni, ikabidi niwanunulie mwenyewe. Gari limeongezeka uzito, na kwa injini ya Beetle mlimani utausikia.

Ila rangi usimpe. Amezoea vyombo vinavyotazamwa kutoka ufukweni. Boneti yangu imetoka vipele. Nitaipeleka kwa mtu wa rangi, lakini si sasa: rezini mpya huendelea kusinyaa, na ukiharakisha, nyuzi za mkeka zitajichora juu ya rangi.