Mafuta ya mwarobaini kwenye mawaridi: kiboko cha vidukari, si cha thripi

Kwa vidukari na utitiri, viumbe vidogo vinavyofyonza utomvu wa mmea, mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa bila moto yana thamani ya pesa yake, ila anayetaka mdudu adondoke papo hapo asiyanunue. Kiini chake, azadiraktini, humkatisha mdudu hamu ya kula na humzuia mdudu mchanga asijivue gamba akakua. Kesho yake vidukari bado utawaona wamejazana shingoni mwa tumba. Wengi hukata tamaa hapo, kumbe idadi huanza kupungua baada ya siku kadhaa.

Dukani, itazame chupa kwanza. Mafuta halisi ni ya kahawia au manjano iliyokolea, na harufu yake ni kali, ya kukaribia kitunguu saumu. Yakiwa meupe kama maji na hayanuki, yamesafishwa mpaka azadiraktini imetoka, yatabaki kumziba mdudu pumzi tu. Kuganda si kasoro. Asubuhi ya baridi Limuru au Lushoto utakuta chupa imeshika kama samli. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe.

Kipimo: lita 1 ya maji ya uvuguvugu, mililita 2 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, koroga, ndipo utie mililita 5 za mafuta. Bila sabuni mafuta huelea. Pampu inavuta chini, kwa hiyo mawaridi ya mwanzo hupata maji matupu na ya mwisho huungua kwa mafuta. Sabuni ya unga usiitie kabisa, inababua majani. Tikisa pampu kila mara na umalize dawa siku hiyo hiyo.

Pulizia jioni, jua limepoa na nyuki wamerudi mzingani. Lenga chini ya jani! Huko ndiko utitiri unakokaa, na juu yake jani huonyesha vidoa vya manjano vidogo kama ncha ya sindano. Vidukari rudia kila siku 7, mara tatu; utitiri kila siku 5, kwa kuwa yai lililokosa kulowa huanguliwa haraka wakati wa joto. Vidukari wachache wala hawahitaji dawa: mpira wa maji wenye nguvu, asubuhi, unatosha. Ila sisimizi wakiendelea kupanda shina, hao vidukari watarudi, maana sisimizi huwalinda wapate utamu wanaoutoa.

Kwa thripi, wadudu wadogo wembamba wa kwenye maua, mafuta haya hayafui dafu. Wamejificha kati ya petali, dawa haiwafikii, na ua jeupe hufunguka likiwa na kingo za kahawia. Kata matumba hayo, yafunge kwenye mfuko, yatoke bustanini.

Na kama ulipulizia salfa kwa ajili ya ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga kwenye majani), acha wiki 2 zipite kabla ya mafuta. Vikikutana, majani huungua.