WoRMS: maoni yangu kwa wanaosomea samaki

Wadau wa Nyegezi na popote mlipo, kuna saiti moja naomba niisifie kwa moyo wote, inaitwa WoRMS, yaani daftari la majina ya viumbe wa baharini dunia nzima. Ipo tangu 2007, inatunzwa na taasisi ya VLIZ pale Oostende, Ubelgiji, na kutafuta jina ni bure.

Mtu akisema kagundua spishi mpya, kazi inayomtoa jasho ni kuhakikisha hakuna aliyeshaipa jina zamani huko kwenye jarida ambalo hata maktaba halipo. Hapo ndo WoRMS inakubeba. Andika mfano Cirrhilabrus wakanda, yule samaki wa zambarau wa miamba ya chini sana Zanzibar, inakuletea waliomuelezea (yaani waliochapisha sifa zake na kumpa jina rasmi), mwaka 2019, na chapisho lenyewe la kwanza, na kama jina limeshafutwa inakwambia linalotumika sasa ni lipi. Wanaohakiki ni mabingwa wa kila kundi, wa konokono kivyake, wa majongoo bahari kivyake, na wengi wanajitolea tu. Halafu kuna sehemu unapakia orodha yako ya Excel inalinganisha majina yote kwa mpigo na kunasa spelingi zilizokosewa, aisee kwa majina haya ya Kilatini hiyo peke yake inatosha kuipenda.

Na sisi wa Mwanza hili la spishi kuchelewa kupewa jina linatuuma zaidi. Furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hapa Ghuba ya Mwanza walikuwa wa kila aina, watafiti wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakaja kuwachunguza kuanzia miaka ya 1970, sangara anayewala akaongezeka ghafla miaka ya 1980 na furu wengi wakapotea bado wana majina ya muda tu ya watafiti. Furu mmoja, Haplochromis argens, kaja kuelezewa rasmi 2013, ameshatoweka kwenye nyavu kitambo! Sitaki baharini yatokee hayo hayo.

Ila mjue ni Kiingereza kitupu, na kwa samaki wa ziwani nendeni katalogi ya Eschmeyer ya California Academy of Sciences, nayo ni bure. Pia WoRMS haikuandikii maelezo, sampuli lazima uihifadhi makumbusho na uchapishe mwenyewe. Wenye viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo waangalie Senckenberg Ocean Species Alliance ya Frankfurt, wale ndo wanasaidia watafiti mpaka maelezo yachapishwe.